Shajara ya mradi: kloridi inatoka, imidi inaingia

Lengo la mradi

Mradi huu unashughulikia polima (molekuli ndefu kama minyororo) ambazo ndani yake umeme husafirishwa na ioni, yaani atomu au molekuli zenye chaji, si elektroni, na unauliza jambo moja: mnyororo uleule wa polima hubadilika kiasi gani tukiondoa ioni inayosindikiza chaji yake na kuweka nyingine mahali pake? Ioni hiyo, ambayo katika shajara hii tunaiita ioni mwenza, ina chaji iliyo kinyume na ile iliyofungwa kwenye mnyororo, na kwa kuwa yenyewe haikufungwa, ndiyo inayoweza kutembea. Kuibadilisha hakuhitaji mitambo mikubwa. Kunahitaji maji safi, chumvi inayofaa, subira ya kuosha na kifaa cha kupima impedansi (ukinzani dhidi ya mkondo wa kwenda na kurudi), na hivyo vyote vinapatikana katika maabara yetu hapa Lubumbashi, hata kama si kila siku.

Sababu ya pili inatokana na mji wenyewe. Mtu wa Haut-Katanga, mkoa wetu, akisikia neno betri huwaza kobalti, na wageni wanaopita maabarani hawakosi kutuuliza kwa nini tunahangaika na plastiki ilhali malori ya madini yanapita nje mchana kutwa. Jibu letu ni kwamba plastiki na kobalti havijapatana bado. Elektroliti ni kitu kinachopitisha ioni kati ya elektrodi za betri, na ile ya polima iliyozoeleka kuliko zote, yaani polietilini oksidi iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu, huanza kuoksidishwa pale elektrodi chanya inapokaribia volti 4, na kwa hiyo huoanishwa kwa kawaida na fosfeti ya chuma na lithiamu, ambayo haina kobalti hata chembe. Oksidi zenye kobalti hufanya kazi kwenye volti za juu zaidi. Iwapo betri zisizo na kimiminika zitaenea, kobalti itapata nafasi ndani yake endapo tu elektroliti yake itastahimili volti hizo, na baadhi ya polima zenye chaji kwenye mnyororo huonyesha ustahimilivu wa namna hiyo. Ndiyo maana tunazichunguza.

Mwezi wa 4: kuchagua minyororo na chumvi

Tumechagua familia mbili. Ya kwanza ni poli(dialilidimethiliamoniamu) kloridi, ambayo tutaifupisha kuwa PDADMA-Cl. Wanaosafisha maji wanaijua kwa kazi nyingine, kwani chaji chanya zilizopangwa kwenye mnyororo wake huikusanya tope laini na kuizamisha chini ya tangi. Kwetu sifa yake kubwa ni urahisi: inauzwa ikiwa imeyeyushwa katika maji, haina bei ya kutisha, na ioni mwenza wake, kloridi, hutoka bila ugomvi. Familia ya pili ni poli(stireni sulfoneti), yenye chaji hasi kwenye mnyororo na sodiamu kama ioni mwenza. Kando ya hizo mbili tumeweka polietilini oksidi, ambayo mnyororo wake hauna chaji yoyote, ili tuwe na kipimo ambacho tabia yake inafahamika vizuri.

Inafahamika kwa sababu ni ya zamani. Mwaka 1973 Peter Wright na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walieleza kwamba polietilini oksidi huyeyusha chumvi za metali alkali ndani yake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Michel Armand, aliyekuwa Grenoble, alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba mchanganyiko huo utumike kama elektroliti ya betri. Armand huyohuyo ndiye anayehusishwa na anioni (ioni yenye chaji hasi) ambayo mradi wetu unaitegemea, bisi(trifluoromethanisulfonili)imidi, inayoandikwa kwa kifupi TFSI. Chaji hasi ya anioni hii haikukaa mahali pamoja, bali imetandazwa kati ya nitrojeni ya katikati na oksijeni nne za pembeni, huku vikundi vyenye florini vikizidi kuivuta. Kationi, yaani ioni yenye chaji chanya, inayokaribia haipati mahali pa kushika kwa nguvu. Tena molekuli yenyewe ni kubwa na hujipindapinda, kwa hiyo minyororo ya polima haiwezi kujipanga vizuri ikiwa imeizunguka, na jotoridi ambalo polima hugeuka kutoka kioo kigumu kuwa kitu laini hushuka. Kloridi ni kinyume chake: ni tufe dogo la nusu-kipenyo cha pikomita 181 lenye chaji yote mahali pamoja, tena inapenda maji kupita kiasi.

Chumvi mbili tumezikataa. Pakloreti ya lithiamu ni rahisi na imetumika sana katika tafiti za zamani, lakini pakloreti kavu ikikutana na kitu cha asili ya kaboni na kupashwa moto inaweza kulipuka, na sisi tunakausha kila kitu katika tanuri. Heksafluorofosfeti ya lithiamu, ambayo ndiyo chumvi ya betri nyingi za simu, huvunjika inapopata unyevu na joto na kutoa asidi ya hidrofloriki, ambayo hula kioo na mfupa. Katika maabara isiyo na sanduku la glavu lenye agoni (kasha lililofungwa ambamo hewa na unyevu haviingii), hiyo si chumvi ya kuizoea.

Mwezi wa 5: kubadilishana

Kwa maandishi, mbinu ni ya mstari mmoja. Mmumunyo wa PDADMA-Cl unamiminwa katika mmumunyo wa LiTFSI, yaani chumvi ya lithiamu yenye TFSI, kationi ya mnyororo inashikana na TFSI, na kwa kuwa jozi hiyo haipendi maji, inaanguka kama mashapo meupe huku kloridi ya lithiamu ikibaki majini. Hesabu nayo ni nyepesi. Kipande kimoja cha mnyororo pamoja na kloridi yake kina uzito wa gramu 161.7 kwa moli, na LiTFSI ina gramu 287.1, kwa hiyo gramu 1.62 za polima kavu, ambazo ni milimoli 10, zinahitaji gramu 3.16 za chumvi tukiongeza asilimia 10 ya ziada. Mabadilishano yakikamilika na kila kitu kikikauka, zinapaswa kutoka gramu 4.06. Uzito unaozidi huo kwa kawaida ni maji au chumvi ya ziada, na unaopungua ni polima iliyokwenda na maji ya kuoshea au kloridi iliyobaki mahali pake.

Ugumu uko katika kumimina. Mimumunyo ikiwa mizito na mkono ukiwa na haraka, mashapo hutokea kwa mkupuo: donge jeupe linalonata kwenye kikorogeo cha sumaku, lenye ganda lililokwisha kubadilika na kiini ambacho bado kimejaa kloridi. Kuosha hakufiki huko. Tunapunguza kwanza mmumunyo wa polima hadi uwe mwepesi kama maji, tunaudondosha kwa pipeti upande wa pembeni mwa bika huku kikorogeo kikizunguka kwa kasi, na tone likigusa tu linaacha uzi wa wingu unaovunjika kuwa chembe laini kama unga. Chembe hizo tunazichuja, tunaziosha, kisha tunaziyeyusha katika asetoni na kuziangusha upya ndani ya maji. Hatua hii ya mwisho inachosha, lakini ndiyo inayofungua kiini cha donge, na kwa maoni yangu maelezo yoyote ya mbinu hii yanayoiruka hayajakamilika.

Mwamuzi wa kuosha ni nitrati ya fedha. Tunachukua mililita chache za maji ya kuoshea, tunatia tone la asidi ya nitriki ili kaboneti isitudanganye, kisha tone la nitrati ya fedha. Kloridi ikiwapo, wingu jeupe linatokea papo hapo, na likiachwa karibu na dirisha linageuka zambarau ya kijivu. Kipimo hiki ni kikali sana, kwa sababu kloridi ya fedha karibu haiyeyuki kabisa, na kwa hiyo tunakifanya kila mara sambamba na maji yaliyotoneshwa ambayo hayakugusa polima. Maji ya bomba hayafai hata kwa suuza ya kwanza, kwani yana kloridi yake yenyewe. Mirija miwili ikisimama mbele ya karatasi nyeusi bila tofauti, tunasema polima imeoshwa.

Kuna faida nyingine ya kuwa wakali hapa. Kloridi kidogo iliyobaki haionekani katika uzito, lakini huvuta maji ndani ya utando, na kwenye joto hutoboa vitundu katika elektrodi za chuma kisichoshika kutu. Mtu akidharau nitrati ya fedha, atakutana na kloridi hiyo baadaye kwenye mchoro wa impedansi bila kuitambua.

Mwezi wa 6: kukausha

Kiangazi kimeingia, usiku ni baridi na hewa imekauka, na kwa kazi yetu hakuna majira yaliyo bora. LiTFSI, ambayo wakati wa mvua hugeuka uji ndani ya kijiko kabla haijafika kwenye mizani, sasa inapimika ikiwa bado poda. Hata hivyo hewa kavu ya kiangazi si sanduku la glavu, na sampuli zote bado zinakwenda katika tanuri la ombwe kisha katika chombo chenye silika jeli. Kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, maji huchemka hapa karibu na nyuzi 96, na bafu la maji haliwezi kutufikisha kwenye nyuzi 100 ambazo maelezo mengi ya ng'ambo yanaziandika bila kufikiri. Tanuri ndilo linalobaki.

Tanuri nalo linategemea umeme. Ukikatika usiku, pampu inasimama, na hewa inarudi taratibu ndani ya chumba cha tanuri na kuleta unyevu uleule tulioutoa. Tumeweka vali ya kuzuia hewa isirudi kati ya pampu na tanuri, na kanuni yetu sasa ni kwamba hatuhesabu saa za kukausha bali tunapima uzito: sampuli ni kavu pale mizani inaposoma namba ileile baada ya vipindi viwili mfululizo. Mionzi ya infraredi inathibitisha. Mlima mpana wa maji karibu na 3,400 kwa sentimita unashuka hadi kutoweka, na vilele vya TFSI, karibu na 1,350, 1,190, 1,140 na 1,055, vinasimama wazi.

Mwezi wa 7: vipimo vya kwanza

Utando unabanwa kati ya diski mbili za chuma, mkondo mdogo wa kwenda na kurudi unapitishwa kwa masafa mengi, na kutoka kwenye mchoro tunasoma ukinzani. Upitishaji ni unene ukigawanywa kwa ukinzani na eneo: utando wa mikromita 100 wenye eneo la sentimita moja ya mraba ukitoa ukinzani wa omu 1,000, upitishaji wake ni 10⁻⁵ simensi kwa sentimita. Elektroliti za kimiminika katika betri za kawaida hufikia karibu 10⁻², na ndilo pengo ambalo polima zote zinakimbizana nalo.

Polietilini oksidi yenye LiTFSI, kwa uwiano wa oksijeni 20 za mnyororo kwa kila lithiamu moja, imefanya kama ilivyotarajiwa. Chini ya nyuzi 60 hivi sehemu kubwa ya polima ni fuwele na ioni zinakwama, na juu ya hapo fuwele zinayeyuka na upitishaji unapanda kwa mruko. Ndiyo sababu magari ya umeme ya Autolib yaliyokodishwa mjini Paris kati ya 2011 na 2018, ambayo yalitumia betri za polima za kundi la Bolloré, yalihitaji betri zake zidumishwe katika joto.

PDADMA ilileta jambo lililomsisimua mwanafunzi wetu. Alibana sampuli zilizokuwa zimekaa mezani tangu asubuhi, akaja na karatasi mkononi: «Prof, kloridi imeishinda imidi, tena kwa mbali.» Profesa hakuinua hata kichwa. «Ikaushe kwanza, mwanangu, ndipo uje uniambie nani kashinda.» Polima ya kloridi iliyoachwa hewani hunywa maji, na katika maji hayo kloridi huogelea itakavyo, kwa hiyo kinachopimwa ni maji ya chumvi yaliyovaa ngozi ya polima. Ilipokaushwa, ukinzani wake ulipanda hadi kifaa chetu kikashindwa kuusoma. Polima ya TFSI, ambayo haijali unyevu, haikubadilika sana kati ya meza na tanuri.

Haikuwa nzuri nayo, na hilo linastahili kuandikwa bila kupamba. Ikiwa kavu na peke yake, PDADMA-TFSI kwenye joto la kawaida bado ni kioo, na TFSI yake haiendi popote panapofaa. Kubadilisha ioni mwenza kumeshusha jotoridi la kulainika, lakini hakukulishusha vya kutosha. Kikundi cha David Mecerreyes nchini Hispania, kilichochapisha kazi juu ya polima hii mwaka 2009, kiliilainisha kwa kimiminika cha ioni chenye TFSI ileile pamoja na chumvi ya lithiamu, na tunafuata njia hiyo. Jambo la msingi ni kwamba njia hiyo inafunguliwa na mabadilishano yenyewe: kimiminika kisichopenda maji hakichangamani na polima ya kloridi, lakini kinaingia katika polima ya TFSI kwa sababu pande zote mbili zina anioni moja. Utando uliopatikana unakunjika bila kuvunjika, ukiutazama unaona alama za vidole kupitia kwake, na kwa mara ya kwanza nusu-duara ya mchoro wa impedansi kwenye skrini ilisomeka vizuri bila kupasha joto.

Mwezi wa 8: nani anabeba umeme?

Impedansi inapima mwendo wa ioni zote kwa jumla. Haisemi ni ipi iliyotembea. Katika betri ya lithiamu, ioni yenye kazi kwenye elektrodi ni lithiamu peke yake, na anioni inayotembea hurundikana upande mmoja na kuzuia mkondo usipande. Katika polietilini oksidi yenye LiTFSI, mchango wa lithiamu, yaani sehemu ya mkondo inayobebwa nayo, kwa kawaida ni takriban 0.2 tu. Lithiamu, yenye nusu-kipenyo cha pikomita 76, hukumbatiwa na oksijeni kadhaa za mnyororo na husogea mnyororo unaposogea, ilhali TFSI kubwa, ambayo haikushikwa na mtu, inapita. Kwa maneno mengine, sifa ileile inayotufanya tuisifu TFSI ndiyo inayoifanya iibe sehemu kubwa ya mkondo.

Katika PDADMA hali ni kali zaidi, kwa sababu kationi ya mnyororo imefungwa, na kabla ya kuongeza chumvi ya lithiamu anioni ndiyo ioni pekee inayoweza kwenda. Njia ya Bruce na Vincent ya mwaka 1987 ingetupatia mchango wa lithiamu, lakini inahitaji diski za lithiamu ya metali, na metali hiyo haifunguliwi hewani. Maombi ya kutumia sanduku la glavu la wengine yamekaa mahali fulani bila jibu. Hapo ndipo familia ya pili ilipopata umuhimu kuliko tulivyoipangia: ikiwa anioni imefungwa kwenye mnyororo na ioni mwenza ni lithiamu, swali la nani anabeba umeme linajibiwa na muundo wenyewe.

Mwezi wa 9: upande wa pili

Sodiamu ya poli(stireni sulfoneti) tuliitoa kwa kupitisha mmumunyo katika safu ya resini ya kubadilishana ioni, kwanza kupata asidi, kisha tukaisawazisha kwa hidroksidi ya lithiamu. Mwali wa moto haukufaa kama kipimo cha sodiamu iliyobaki, kwani sodiamu kidogo tu huuvika mwali rangi ya njano na kuufunika wekundu wa lithiamu. Fotometa ya mwali, ile inayotumiwa kupima udongo wa mashamba, ilitosha kabisa.

Utando wa sulfoneti ya lithiamu ikiwa kavu haupitishi kitu cha maana. Hilo halikutushangaza, kwa sababu sulfoneti hushika lithiamu kwa nguvu, chaji yake ikiwa kwenye oksijeni tatu za kikundi kimoja. Ukilinganisha na anioni ambayo chaji yake imetandazwa, utaona kwamba kubadilisha ioni inayotembea pekee hakutoshi, na inabidi kutandaza pia chaji ya ile iliyofungwa. Kundi la Ufaransa la Bouchet na Armand lilifanya hivyo hasa mwaka 2013: waliichukua imidi ya TFSI, wakaifunga kwenye poli(stireni), wakaweka polietilini oksidi katikati ya mnyororo ili lithiamu ipate pa kupita. Upitishaji wake ulikuwa 1.3 × 10⁻⁵ simensi kwa sentimita kwenye nyuzi 60, na mchango wa lithiamu ulizidi 0.85. Namba ya kwanza inaonekana ndogo ukiiweka kando ya polietilini oksidi yenye LiTFSI ya kawaida. Ukizidisha namba hizo mbili pamoja kwa kila upande, pengo linapungua, na mimi naona kuzidisha huko kungepaswa kuandikwa katika kila jedwali linalojisifia upitishaji.

Kuitengeneza monoma hiyo (kipande kinachojengea mnyororo huo) hapa hatuwezi kwa sasa. Vitendanishi vyake vinahitaji mazingira yasiyo na maji tangu hatua ya kwanza.

Mwezi wa 10: uamuzi

Joto limepanda, na mawingu yameanza kujikusanya. Kabla mvua haijaanza, sampuli zote za TFSI zimefungwa katika mirija ya kioo iliyoyeyushwa mdomo, na chumvi imegawanywa katika vichupa vidogo ili tusifungue akiba yote kila tunapopima.

Tumekubaliana kuendelea na PDADMA, lakini kwa kugeuza uwiano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, wakiwemo Maria Forsyth na wenzake, wameonyesha kwamba ukijaza chumvi ya lithiamu kwa wingi hadi moli zake zizidi vipande vya mnyororo, anioni moja hushikwa kwa wakati mmoja na kationi ya mnyororo na lithiamu, na lithiamu hupata njia ya kuhama kutoka anioni hadi anioni bila kungoja mnyororo usogee. Wao walitumia bisi(fluorosulfonili)imidi, FSI, ambayo ni ndogo kuliko TFSI. Hiyo inatuvutia pia kwa sababu haina vile vikundi vya kaboni na florini ambavyo, tangu mwaka 2023, nchi tano za Ulaya zimependekeza viwekewe vikwazo pamoja na kemikali nyingine nyingi zisizooza. Sisi tunaoishi karibu na mito inayopokea maji ya migodi hatuhitaji kuongezewa anioni isiyooza, na maji ya kuoshea ya mradi huu, yaliyo na TFSI ya ziada, hayajamwagwa: yako katika madumu yaliyoandikwa, nasi tunajaribu kuikamata upya anioni hiyo kwa kutumia PDADMA-Cl ileile.

Kazi zilizo mezani kwa robo ijayo ni kubadilisha kloridi kwa FSI bila kupasha joto, kwa kuwa FSI si imara kama TFSI, kupima upitishaji kwa uwiano mbalimbali wa chumvi, na kupata mahali pa kufunga seli moja yenye lithiamu ya metali na elektrodi yenye kobalti. Agizo la LiFSI limetumwa. Itakayokuja itapimwa maji kabla ya kufunguliwa kwa kazi nyingine yoyote.